Basi Likiondoka: Somo kwa Wanafunzi Wanaokwenda Kuwahudumia Wasio na Makao Nairobi

Karibu kila muhula tunapokea barua inayofanana na ile ya muhula uliotangulia. Imeandikwa na katibu wa kikundi cha wanafunzi Wakristo katika chuo fulani kilicho nje ya Nairobi. Wanafunzi ishirini au thelathini wamechanga fedha, wamekodi basi, na wanataka kutumia siku tatu au nne za likizo kuwahudumia watu wanaolala mitaani. Mwishoni mwa barua huwa kuna swali: "Tulete nini?"

Tunalipenda swali hilo kwa sababu linatoka moyoni. Lakini kabla ya kulijibu tunawaomba wanafunzi, pamoja na viongozi wa makanisa wanaowatuma, watangulize swali jingine: basi likiondoka, ni nani atakayebaki na watu hawa? Somo hili limeandikwa lisomwe na kikundi kabla ya safari. Linaweza kugawanywa katika mikutano miwili, na maswali yaliyo mwishoni yajibiwe kwa pamoja.

Watu mtakaowakuta

Mwaka 2018 serikali ya Kenya iliwahesabu watu wanaoishi mitaani nchini kote. Walipatikana 46,639, na kati yao 15,337 walikuwa Nairobi, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila watatu. Hesabu ya namna hii ni ngumu, kwa kuwa watu wanaolala nje huhamahama, hujificha, na wana sababu nzuri za kutomwamini mtu mwenye karatasi na kalamu. Hata hivyo inatosha kumwonyesha mwanafunzi kwamba mikate mia moja haitalimaliza jambo hili.

Ukitembea kutoka mzunguko wa Globe kuelekea Ngara, au ukipita Muthurwa na Mlango Kubwa, utawaona upesi wavulana wenye magunia mgongoni, wakiokota plastiki na vyuma vya kuuza. Hao ndio wanaomjia kila mtu akilini. Ukikaa kidogo utawaona wengine. Kuna akina mama wenye watoto wachanga, na baadhi yao walizaliwa mitaani wenyewe. Kuna wazee ambao hawana tena mtu wa kuwauliza wamekula nini. Kuna wagonjwa wa akili ambao jamaa zao wanawatafuta mahali pengine kabisa. Kuna pia watoto wanaoomba barabarani mchana na jioni wanarudi kwa mama zao Mathare au Korogocho. Hao wana nyumba, na sarafu unayompa mmoja wao saa nne asubuhi, siku ya shule, inamfundisha kwamba barabara inalipa kuliko darasa.

Wengine ni wapya. Mvua kubwa za Aprili na Mei 2024 zilifurika mitoni, na baadaye nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 za kingo za mito zilibomolewa katika mitaa kama Mathare na Mukuru. Familia iliyokuwa ikilipa kodi ya nyumba mwezi Machi iliweza kujikuta nje mwezi Mei. Mtu wa namna hiyo hahitaji mahubiri juu ya uvivu. Anahitaji kodi ya mwezi mmoja na mahali pa kuweka godoro.

Jambo la sheria nalo lifahamike. Kenya ilirithi kutoka utawala wa kikoloni sheria ya uzururaji, ambayo ilimfanya mtu asiye na makao awe mkosaji kwa sababu tu hana makao. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1997. Hofu haikufutwa pamoja nayo. Watu wa mitaani bado hukimbia wanapoona askari wa kaunti, wale wanaoitwa kanjo, na kwa hiyo msishangae mkishuka kwenye basi mkiwa wengi, mmevaa fulana za rangi moja, halafu watu mliokuja kuwatumikia wakatoweka.

Neno moja tunaomba libaki chuoni, nalo ni "chokoraa". Linakumbusha kitendo cha kuchokora jaa la takataka, na mtu mzima hapaswi kuitwa kwa kazi aliyoifanya akiwa na njaa. Wanawake waiteni mama, vijana wa rika lenu kaka na dada, wazee mzee na nyanya, kama mnavyofanya nyumbani. Kisha ulizeni majina.

Mwenye nyumba ya wageni

Fungueni Luka 10:25–37. Mfano huu mmehubiriwa tangu shule ya Jumapili, na kwa kawaida mhubiri hukaa juu ya kuhani na Mlawi waliopita kando. Leo mtazameni mtu mwingine, ambaye hutajwa mara chache: mwenye nyumba ya wageni.

Msamaria alikuwa msafiri. Hakuwa mkazi wa barabara ile. Alimfunga mtu yule majeraha, akayatia mafuta na divai, akampandisha juu ya mnyama wake na kumfikisha mahali palipokuwa na mlango na kitanda. Akakaa naye usiku mmoja. Kesho yake alikuwa na safari yake, na maandiko hayamlaumu kwa kuondoka. Lakini angalieni alivyoondoka. Alitoa dinari mbili, na tunajua kutokana na mfano wa wafanyakazi katika Mathayo 20 kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kutwa. Alimkabidhi mgonjwa kwa mtu ambaye angekuwepo kesho na kesho kutwa. Akaahidi kulipa gharama itakayozidi atakapopita tena, na ahadi hiyo aliitoa kwa mwenye nyumba, mtu aliyeweza kumdai.

Sisi tunaona hapa mpangilio mzima wa safari ya wanafunzi. Ninyi ni wasafiri. Nyumba ya wageni ilikuwepo kabla yenu.

Nairobi nyumba hizo ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Shirika la Undugu lilianzishwa mwaka 1973 na Padre Arnold Grol, mmisionari Mholanzi, aliyeanza na wavulana waliokuwa wakiwaelekeza madereva mahali pa kuegesha magari ili wapewe senti chache. Mwaka 2003 serikali iliunda mfuko maalumu wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani, na vijana wengi wakapelekwa kwenye mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Kuna makanisa na misikiti inayopika kila wiki, kuna zahanati ndogo, na kuna vituo vya kutwa ambako mtoto anaoga na kufua. Kuna pia watu wasio na ofisi, kama yule mama wa chai kando ya kituo cha matatu, ambaye anajua ni nani aliyekohoa usiku kucha na ni nani hajaonekana tangu Jumanne. Kikundi kinachokuja bila kumtafuta hata mmoja wa watu hawa kinamweka majeruhi barabarani palepale kilipomkuta, akiwa na bendeji safi.

Siku nne za Agosti

Mwezi Agosti 2024 tulisindikiza kikundi cha wanafunzi 24, wengi wao wakisomea uuguzi na ualimu. Tunaeleza walichofanya kwa sababu vikundi vingine vinaweza kukiiga.

Siku ya kwanza hawakutoka nje. Waliketi katika kituo cha kutwa na mfanyakazi wa hapo, dada mmoja aliyetembea mitaa hiyo kwa miaka kumi na mmoja, wakamsikiliza. Baadhi walinung'unika kwamba muda unapotea. Dada yule aliwaeleza kuhusu besi, yaani mahali ambapo kundi la watu wa mitaani hulala na kuweka vitu vyao. Besi ina mkubwa wake, ina desturi zake, na mgeni haingii bila kupiga hodi, hata kama hakuna mlango. Aliwagawa wanne wanne, kila kundi na kiongozi anayejulikana huko. Simu zibaki kituoni. Fedha zisitolewe mkononi kwa mtu yeyote. Viatu viwe vya kufunika vidole.

Alitumia muda mrefu juu ya gundi, na sisi pia tunataka kukaa hapo. Gundi ya mafundi viatu huvutwa kutoka kwenye chupa ndogo ya plastiki kwa sababu inapunguza njaa, baridi na woga. Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai na Agosti, mtu akiwa na gunia peke yake, ni usiku mrefu sana. Mvuke wa gundi unaharibu ubongo, neva na figo, na vijana wenyewe wanalijua hilo. Wasilolijua wageni ni kwamba mvuke huo pia unaufanya moyo uwe rahisi kuyumba. Mtu aliyetoka kuvuta akishtuliwa ghafla, akakimbizwa au akapigana, moyo unaweza kusimama palepale. Kwa hiyo usimnyang'anye chupa. Usimfokee, usimkimbize hata kama amekuchukulia kofia. Zungumza naye kwa sauti ya chini, na kama hasikii rudi kesho asubuhi mapema kabla hajaanza. Maombi ya kelele juu ya kichwa cha kijana aliyelewa gundi yana hatari ambayo hakuna aliyeikusudia.

Siku ya pili walikwenda. Kwenye besi moja karibu na Ngara mkubwa wa hapo, kijana wa miaka kama ishirini na mitano, aliwatazama kutoka juu hadi chini. "Karibuni," akasema. "Lakini ninyi ni wa mkate au ni wa maombi?"

Mwanafunzi mmoja wa kike akajibu, "Sisi ni wageni wa dada huyu, kaka. Leo tumekuja kuwasalimia tu."

Kijana alicheka, akasogeza gunia ili wapate pa kukaa. Walikaa saa mbili. Walipoondoka walikuwa wanajua mambo ambayo fomu yoyote isingewaambia. Besi ina watu 31. Karibu wote wana upele wa kuwasha, na watoto hawalali kwa kujikuna. Bibi mmoja ana kidonda mguuni ambacho hataki kionwe na mwanamume.

Upele huu hauponi kwa kumtibu mmoja. Wadudu wake huhama kutoka mwili hadi mwili kwa watu wanaolala wamebanana, na wanaolala nje hubanana kwa sababu ya baridi. Ni lazima wote wapakwe dawa kwa wakati mmoja, kuanzia shingoni hadi vidoleni, na nguo na magunia ya kulalia yabadilishwe au yafuliwe. Wanafunzi walikuwa wamepanga kuondoka mitaani saa kumi jioni kila siku. Lakini watu wa besi hurudi jioni baada ya kuuza plastiki, na dada wa kituo alisema waziwazi kwamba kuwapaka nusu ni kazi bure. Ratiba ikabadilishwa. Siku ya tatu walifika alasiri pamoja na tabibu wa zahanati ya jirani, wakanunua maji mitungi kwa mitungi, wakatundika mashuka pawe na faragha, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Nguo walizokuwa wamekusanya chuoni, ambazo tuliogopa zingegawanywa kwa kusukumana, zikawa sehemu ya matibabu: unavua zile zenye wadudu, unaoga, unapakwa, unavaa safi. Bibi mwenye kidonda alisafishwa na wanafunzi wawili wa kike nyuma ya shuka. Ilipofika saa mbili usiku walikuwa wamemaliza 29. Wawili waliokosekana, pamoja na awamu ya pili ya dawa, viliandikwa kwenye daftari la kituo, na tabibu alirudi mwenyewe wiki iliyofuata.

Chakula nacho kilikwenda kwa namna yake. Tumeona mara nyingi magari yakisimama kando ya barabara na mikate ikitolewa dirishani. Wakubwa wanapata miwili miwili, wadogo wanapata viwiko. Karatasi zinabaki chini, na asubuhi inayofuata askari wanapokuja kusafisha, uchafu unahesabiwa kuwa ni wa watu wa besi. Wanafunzi hawa walinunua mahindi na maharagwe, akina mama wa besi wakapika githeri kwenye sufuria yao, na wao wenyewe wakapakua kwa desturi yao: watoto, wanaonyonyesha, wagonjwa, halafu wengine. Wageni walipewa mwisho. Walikula.

Kazi isiyopendeza kwenye ripoti

Wanafunzi wa ualimu walitaka kufundisha. Badala yake dada wa kituo aliwapa daftari zake za miaka minne, zilizojaa majina, tarehe, jina la kijiji, jina la shangazi, zote kwa mwandiko wa mtu anayeandika akiwa amesimama. Waliketi asubuhi mbili wakayapanga kwa besi na kwa umri, katika kitabu kimoja kikubwa kilichobaki kituoni. Hawakutoka na nakala. Hakuna aliyetuandikia shairi juu ya kazi hiyo, lakini kwa maoni yetu ndiyo iliyosaidia kuliko zote.

Kwa nini? Kwa sababu katika kupanga walionekana vijana 17 waliopita miaka 18 bila kitambulisho cha taifa. Kijana asiye na kitambulisho hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, hawezi kufungua akaunti, hawezi kuajiriwa na kampuni inayofuata sheria. Tangu Oktoba 2024, ilipoanza Mamlaka ya Afya ya Jamii, hata kujiandikisha kwa matibabu mtu mzima anaanza kwa kitambulisho. Na ili kukipata anahitaji cheti cha kuzaliwa au nyaraka za wazazi, na chifu wa kumtambua. Aliyezaliwa kando ya mto hana hata kimoja. Njia ipo, lakini ni ya wiki na miezi, ya kurudi ofisini mara ya tatu, ya kusubiri kwenye benchi. Wanafunzi waliweza kuandamana na vijana wawili hadi ofisi ya chifu. Hao wengine 15 waliachiwa kituo, pamoja na nauli ya kila mmoja kwenye bahasha.

Ahadi

Siku ile ya pili, mama mmoja alifungua kitambaa alichofunga kiunoni akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nyingi. Kilikuwa na namba ya simu. Alipewa na kikundi kingine cha wanafunzi, miezi mingi kabla, pamoja na maneno kwamba binti yake atatafutiwa shule. Alikuwa ameazima simu mara nyingi akapiga. Namba haipatikani. Aliwauliza wanafunzi wetu kama wanamfahamu mwenye namba ile, kwa kuwa nao ni wanafunzi.

Hatuamini kwamba aliyeandika namba ile alikuwa mwongo. Huenda alipoteza simu, au alimaliza chuo, au hakujua la kufanya aliporudi nyumbani na kukuta hana karo yake mwenyewe. Lakini yule mama alikuwa amekataa nafasi ya binti yake katika kituo kimoja akisubiri shule aliyoahidiwa. Muda huo haurudi. Tangu hapo kila kikundi tunachokisindikiza kinakubaliana nasi kwa maandishi: hakuna mwanafunzi atakayempa mtu wa mitaani namba yake wala kumwahidi kitu cha siku ya kesho. Ahadi zote, kama ya yule Msamaria, zinatolewa kwa mwenye nyumba.

Sharti hilo lilijaribiwa upesi. Katika kikundi hicho cha Agosti kulikuwa na kijana aliyempenda mtoto mmoja wa miaka tisa. Mtoto alimshika mkono siku mbili mfululizo. Jioni ya tatu kijana alisema yuko tayari kumchukua. Mama yake mzazi nyumbani angekubali.

Tulimheshimu kwa moyo huo, na tulimweleza sheria. Chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto asiye na makao ni mtoto anayehitaji ulinzi, na njia yake inapita kwa ofisa wa watoto na mahakama. Hakuna mtu mwema anayeweza kumbeba kwenye basi. Mtu yeyote anayekutana na mtoto aliye hatarini anaweza kupiga namba 116, bila malipo. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2022 Kenya ina mkakati wa kitaifa wa kupunguza malezi ya taasisi na kuwarudisha watoto katika familia. Swali la kwanza, basi, ni kama mtoto huyu ana mtu wake.

Alikuwa naye. Jina la kijiji lilikuwa kwenye daftari. Kikundi kililipa nauli ya dada wa kituo kwenda mara mbili kumwona nyanya ya mtoto, na sare ya shule. Mtoto alirudi kwa nyanya Januari 2025, ofisa wa watoto akijua. Mwezi Machi alikuwa tena mitaani. Alisema alikosa marafiki zake na nyanya alikuwa mkali. Dada alikwenda mara ya tatu, akakaa na nyanya siku nzima. Mwezi Mei mtoto alirudi kijijini, na tunapoandika bado yuko huko. Habari hizi zote kijana yule anazipata kwa barua kutoka kituoni. Fikirini ingekuwaje Machi ile kama mtu pekee aliyemjua mtoto angekuwa mwanafunzi aliye umbali wa kilomita 300 akifanya mitihani.

Picha na fedha

Juu ya picha tutasema machache. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha ya uso ni taarifa. Hata bila sheria, mjiulize kama mngependa mama zenu wapigwe picha wakiwa hawajaoga. Pigeni picha ya kikundi chenu mkiosha sufuria.

Juu ya fedha tunasema wazi zaidi kuliko baadhi ya wasomaji wanavyopenda. Andikeni ubaoni gharama za basi, malazi, chakula chenu na fulana. Chini yake andikeni kiasi kitakachobaki Nairobi. Vikundi vingi hukuta kwamba fulana peke yake zingelipa mshahara wa mfanyakazi wa kituo kwa wiki kadhaa. Wako wanaosema basi msije, tumeni fedha. Sisi hatukubaliani nao kabisa. Muuguzi aliyepaka dawa upele chini ya daraja atampokea mtu wa mitaani kwa namna nyingine atakapokuwa zamu hospitalini, na mwalimu aliyesoma daftari lile hatamfukuza mtoto kwa kukosa sare. Lakini tunaomba angalau theluthi ya fedha zote ibaki kituoni, na kikundi kinachofuata kutoka chuo hicho kiende kwenye kituo kilekile, mtaa uleule. Kutembelea mahali papya kila mwaka kunawafurahisha wanafunzi na kuwachosha wengine wote.

Tengeni pia jioni kwa ajili yenu. Katika vikundi tunavyosindikiza hakukosi mwanafunzi anayenyamaza siku ya pili, na mara nyingi ni kwa sababu ameona jinsi nyumba ya kwao ilivyo karibu na mahali hapa: kodi za miezi miwili, ugonjwa mmoja, mvua moja. Msimharakishe.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni nani "mwenye nyumba ya wageni" katika mji mnaokwenda? Mmezungumza naye mara ngapi kabla ya kukodi basi? Je, yeye aliwaomba mje?

2. Katika kikundi chenu kuna ujuzi gani: uuguzi, sheria, uhasibu, upishi, mwandiko mzuri? Mwulizeni mwenye nyumba ni upi anaouhitaji, na mkubali kama atachagua ule usiopendeza.

3. Mtoto anakuomba shilingi ishirini barabarani saa tano asubuhi siku ya shule. Mtamwambia nini? Igizeni mbele ya wenzenu, mmoja awe mtoto, na mtoto asikubali upesi.

4. Karibu na chuo chenu ni nani anayelala nje usiku huu? Jina lake ni nani?

5. Mwezi mmoja baada ya safari, nani katika kikundi atapokea barua kutoka kituoni na kuijibu? Na akimaliza chuo, nani atachukua nafasi yake? Andikeni majina yote mawili kabla ya kulipa fedha za basi.